Mama Aulizwe Mwenyewe

Kazi yangu ni kusomesha watu namna ya kuuliza maswali. Ukisema hivyo Chokocho, kijijini kwetu Pemba, watu watakucheka mpaka wakae chini, maana kwetu kuuliza hakusomeshwi, mtoto huzaliwa nako. Lakini chuoni somo hilo lipo, lina mtihani, na asiyelifaulu hapati cheti. Linaitwa mbinu za utafiti. Wanafunzi wanalichukia kuliko masomo yote na siwalaumu, kwani mie nilipolisoma Unguja nililichukia vile vile.

Lina mengi ndani yake. Namna ya kuchagua watu wa kuwahoji, namna ya kuomba ridhaa yao, namna ya kutunga dodoso. Lakini mie nina ugonjwa wangu mmoja na wanafunzi wanaujua: sipendi swali linalomtilia mtu jibu mdomoni. Siku moja nilimsimamisha mwanafunzi wa kike kutoka Shumba amhoji mwenzake mbele ya darasa. Akaanza, "Huoni kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu?" Mwenzake akasema ndiyo, hawana. Nikapiga meza. Nikamwambia, ulikuwa na haja gani ya kumuuliza, si ungejijibu mwenyewe ukenda zako? Darasa zima likacheka isipokuwa yeye. Akasema, "Mwalimu, kwetu mtu mzima akitafuta neno hatumwachi ahangaike. Tunampa." Nikamjibu kwamba ampe huko kwao, hapa darasani asimpe mtu kitu.

Alisema kweli yule msichana. Si Shumba tu, Pemba nzima ndivyo tulivyo. Mtu mzima akikwama, unamsitiri. Unamtangulizia neno kwa upole, analishika, mazungumzo yanaendelea, na heshima yake inabaki pale pale. Mie nililelewa hivyo, na nyumbani kwangu mwenyewe siku zile hilo ndilo lililokuwa likinitoa machozi.

Nilikuwa nakaa na mama yangu, wawili tu, katika nyumba aliyotuachia baba. Niliolewa, nikaachwa, sikujaaliwa kuzaa, nikarudi kwa mama na sanduku langu. Watu walinionea huruma, lakini wallahi mie nilikuwa na raha zangu. Asubuhi chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na muhogo wa kuchemsha, jioni ananisubiri ukumbini nimpe habari za chuo, nani kafeli, nani kaposwa, nani kaja na nguo fupi. Mama ndiye aliyekuwa mume wangu na watoto wangu, na sisemi hivi kwa mzaha.

Kwetu mtu akipiga hodi, wa ndani huuliza, "Nani?" na wa nje hujibu, "Mie." Basi, imetosha. Hatujitaji majina, sauti inajulikana. Siku hiyo nilirudi na mfuko wa samaki, nikapiga hodi, mama akauliza nani, nikasema mie. Kisha akasema, "Mie nani?"

Nilijiambia ni masikio. Nikapaza sauti, "Mie, mama!" akafungua, akapokea samaki, akaanza kulalamika kwamba nimepunjwa. Nikajiambia si unaona, mzima kabisa huyu. Lakini moyo haukutulia tena, nikaanza kumtazama kwa jicho la kazini. Daktari baadaye alisema ni maradhi ya kusahau, ya uzee, na kwamba hayarudi nyuma. Mie nilikuwa nimeshajua kabla yake.

Tabu ni kwamba hakuna mwingine aliyetaka kujua. Jirani anaingia, "Bi mkubwa, si mie nilikuletea pweza juzi?" Mama anasema, "Ndiyo, uliniletea, Mungu akuzidishie." Jirani ananigeukia, "Mbona kumbukumbu anazo tele?" Ala! Umempa pweza, umempa na jibu juu yake, halafu unashangaa kwamba anayo! Nilitamani kumsimamisha pale mbele ya darasa. Badala yake nikamkaribisha chai, kwa kuwa ni jirani na nia yake njema.

Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Unguja, ndiye aliyenitia wazimu zaidi. Alikuwa anapiga simu kila siku na mama anawekewa kwenye spika. "Mama, hujambo? Umekula wali na samaki eh? Umelala vizuri eh? Unanikumbuka mwanao eh?" Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akimaliza ananiambia, "Mama mzima. Wewe ndiye unayemsingizia maradhi."

Nikamwambia, muulize swali lisilo na jibu ndani yake. Muulize amekula nini, utaona. Akanijia juu. "Unamfanyia mtihani mama? Ndiyo elimu uliyoisomea hiyo, ya kumdhalilisha mzee wako?" Neno lile liliniuma, kwa sababu lilikuwa na ukweli. Kila nilipomuuliza mama bila kumsaidia, uso wake ulikuwa unatatizika, anashika ncha ya kanga, ananitazama kama mtu aliyedondosha kitu gizani. Wenzangu wote walikuwa wanampa raha. Mie peke yangu nilikuwa namwona alivyo.

Nikaacha kumuuliza. Nyumbani nikawa kama wengine, namtangulizia. Mama, mie nimetoka chuoni. Mama, leo Ijumaa. Akawa anaitika kwa furaha, na mie nikawa najidanganya kwa furaha.

Ndipo ikatokea siku ya Mkoani. Nilikuwa chuoni, jirani aliyekuwa akimwangalia kaenda kuswali adhuhuri, mama akavaa buibui lake jipya, akatoka, akapanda gari mpaka bandarini. Wachukuzi walimkuta kwenye banda la abiria anauliza meli inaondoka saa ngapi. Bahati nzuri mmoja wao alimjua marehemu baba. Akamkalisha, akamnunulia soda, akanipigia simu. Nilifika huko sijui nimevaa kiatu cha nani. Mama alikuwa amekaa ametulia, mkoba mapajani.

Mchukuzi akaniambia, "Alikuwa anataka kwenda Unguja. Nikamuuliza, kwa mwanao yule mkubwa? Akasema ndiyo."

Maneno yale yalimfikia dada kabla sijafika nyumbani na mama. Pemba habari haihitaji gari. Keshokutwa yake dada akashuka kwenye meli na uso umekaza, na mjomba, mdogo wake mama, akatuita kikao ukumbini kwetu. Mama alikuwa uani kwa jirani, wanachambua mchele.

Dada alisema mama anataka kwake, kasema mwenyewe kwa mdomo wake mbele ya watu, tena ana haki, kwa sababu mie namwacha peke yake kutwa nzima. Kwake kuna wajukuu, kuna msichana wa kazi, kuna hospitali karibu. Yote hayo kweli. Lakini nilihisi nyumba inanitoka chini ya miguu, na mtu akiona anachukuliwa mama'ake hushika chochote kilicho karibu. Mie kilichokuwa karibu ni kazi yangu.

Nikasema, "Jibu lile halifai. Mchukuzi alimtilia mdomoni. Angemuuliza kwa dada angesema ndiyo, angemuuliza kwa Rais angesema ndiyo."

"Sasa unataka nini?" dada akauliza.

"Mama aulizwe mwenyewe. Aulizwe vizuri."

Mjomba ni mtu wa maneno machache. Akafikiri, akasema hilo haki. "Kila mtu hapa anamsemea dada yangu, mama yenu, na yeye yupo hai." Akanigeukia mie. "Wewe ndiye unayesomesha mambo haya. Litunge swali. Mie nitamuuliza, nyinyi mtakaa kimya, na atakachosema ndicho. Mmekubali?" Dada akakubali. Na mie nikakubali, tena haraka, maana nilikuwa na hakika. Mama hajapata kulala nje ya nyumba ile kwa hiari yake. Kila akienda harusini Unguja alikuwa anarudi na mafua na malalamiko. Nilijua akiulizwa kwa uhuru, bila kusukumwa, atasema nyumbani kwangu hapa, na mwanangu huyu.

Tuligombana juu ya swali lenyewe, na kama mtu wa nje angetusikia angetuona vichaa. Dada alitaka, "Mama, hutaki kwenda kukaa karibu na hospitali?" Nikasema hilo si swali, hilo ni mtego. Akanambia, basi na wewe usitie neno nyumbani, kwa sababu nani atakataa nyumbani? Nikakiri ana haki. Akasema asitajwe yeye, nikasema na mie nisitajwe. Isitajwe Unguja, isitajwe Chokocho. Tulilipunguza swali mpaka likabaki jeupe kabisa: "Dada, unapenda ukae wapi, na nani?" Nikasema asubiriwe baada ya alasiri akishapumzika, asiulizwe akiwa na njaa. Nikasema sisi tukae nyuma yake asione nyuso zetu, maana uso nao hujibu. Mjomba akacheka kidogo. "Kumbe kazi yako ngumu."

Sijapata kutunga swali safi kama lile, na nimetunga mengi.

Mama akaja, akakaa kwenye mkeka wake, mjomba akakaa mbele yake. Wakaamkiana, wakaulizana hali, wakazungumza mvua. Kisha mjomba akauliza, neno kwa neno kama nilivyompa. Mama alipotatizika nilijikaza. Dada naye alijikaza, namshukuru. Hakuna aliyemtangulizia. Tulimwacha atafute.

Akatafuta sana. Kisha uso ukafunguka. Akasema, "Nnataka kwa mwanangu."

"Mwanao yupi?" mjomba akauliza, na hilo pia tulikuwa tumekubaliana.

"Yule mdogo. Yuko Unguja, anasoma. Yu peke yake kule, hana mtu wa kumpikia. Hawa watu hapa wananitunza, sisemi uongo, na yule bibi wa humu ndani ana moyo mzuri sana. Lakini mie nina mtoto wangu. Nnataka nende kwa mwanangu."

Yule mdogo anayesoma Unguja ni mie. Na bibi wa humu ndani ni mie.

Sikuweza kukaa kimya kama tulivyoagana. Nilizunguka nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono. "Mama, mie ndiye. Nishamaliza kusoma zamani. Nimerudi. Ni mie, mama."

Alinitazama kwa huruma kubwa, akanifuta machozi kwa kanga yake. "La, bibi," akasema taratibu, kama anavyosema na mgonjwa. "Weye mtu mzima. Mwanangu mie bado kijana."

Mjomba akainamisha kichwa. Dada alikuwa analia, na sikuwahi kumpenda dada yangu kama siku ile, ingawa nilikuwa nimeshajua atakalolisema. Alilisema kwa sauti ya chini, wala si kwa ushindi. "Kasema Unguja, mdogo wangu. Ulisema tusimtilie maneno."

Nilikuwa na hoja za kumjibu. Kutwa nasomesha hoja hizo. Kwamba alichokisema mtu na alichokikusudia ni vitu viwili, kwamba kazi ya mtafiti haiishi pale jibu linapotoka, kwamba mama hataki Unguja, ananitaka mie, na mie niko hapa, magotini pake! Ningeweza kusema hayo mpaka magharibi. Lakini nikamtazama mama. Alikuwa ameanza kuuliza meli ni lini, anacheka, anajikung'uta chenga za mchele. Nilikuwa sijamwona na furaha ile kwa muda mrefu sana. Anayemngojea alikuwa ng'ambo ya maji, na mie ningembakisha hapa na bibi mwenye moyo mzuri.

Hata hivyo sikukubali mara moja. Kwenye somo letu jibu la mara moja halitoshi, lazima urudie uone kama linasimama. Nikamuuliza asubuhi akiwa ametulia. Nikamuuliza akitoka kuoga. Nikamuuliza siku ya mvua na siku ya jua, kwa maneno yale yale meupe. Jibu halikuyumba hata kidogo. Yeye aliyekuwa hakumbuki amekula nini alikuwa anakumbuka kwamba mimi niko peke yangu na sina mtu wa kunipikia. Nikampigia simu mjomba nikamwambia akate tiketi.

Siku moja kabla ya safari mama alitaka kukaanga visheti vya kumpelekea mwanawe. Alikaa kwenye kibao, mie nikakanda unga, yeye anaamrisha. "Tia hiliki. Tia tena, mwanangu apenda hiliki." Ni kweli, napenda hiliki. Mikono yake ilikuwa haijasahau kitu, inakata na kukunja upesi kuliko yangu. Akanihadithia habari zangu. Kwamba nilikuwa mbishi tangu mdogo, nauliza maswali mpaka baba ananikimbia, kwamba siku nilipofaulu kwenda Unguja yeye alijifungia chumbani akalia peke yake ili nisimwone nikaghairi. Hilo la kulia nilikuwa silijui. Hajapata kuniambia. Ilibidi nisiwe mwanawe ndipo nilisikie.

Vilipotoka kwenye shira nikachukua kimoja. Akanipiga mkono. "Ebo! Vya mwenyewe hivyo!" Nikakirudisha. Kisha akanionea huruma, akanichagulia kimoja kilichovunjika, akanipa.

Niliwasindikiza mpaka Mkoani asubuhi. Dada alikuwa na mabegi, mama na kopo lake la visheti ambalo hakutaka mchukuzi alishike. Njia nzima alikuwa ananipa maagizo ya nyumba: nifunge banda la kuku, nisiache ndoo kisimani. Nilikuwa naitikia tu. Dada alinishika kiganja akasema niende kila likizo, na wakifika atanipigia simu kila siku niongee na mama. Nikasema inshallah. Nilikuwa nafikiri simu ikilia kule Unguja mama ataambiwa ni nani anayepiga, na atasema ndiyo.

Getini wasio na tiketi hawapiti. Watu walikuwa wanasukumana, mikungu ya ndizi inapita juu ya vichwa. Dada akatangulia kuonyesha tiketi. Mama akasimama, akanigeukia, akaniomba radhi kwa adabu zote kama anavyoomba mgeni anayeondoka kwenye nyumba ya watu, kwamba kama amenikosea nimsamehe, amenipa tabu nyingi. Nikamwambia hakunipa tabu yoyote. Akasema nisilie. Halafu akanitazama vizuri, kama kwamba kuna kitu kimempitia akilini, na mie, na elimu yangu yote, nikashika pumzi.

"Bibi," akasema, "kwani weye mama'ako yu hai?"

"Yu hai."

"Basi nenda kwake. Usimwache mtu mzima peke yake, atakuwa anakungojea."

Nikamwambia, "Nitakwenda, mama." Akaridhika, akashika kopo lake kwa mikono miwili, akapita getini.